Malazi ya Maulidi ya Lamu: Kitanda cha Bure Hulipiwa na Nani?

Kila Mfungo Sita unapokaribia, swali moja huanza kuzunguka majumbani mwetu kutoka Vanga hadi Malindi: mwaka huu, tukijaaliwa kwenda Lamu, tutalala wapi? Nauli huchangwa mapema. Mabuibui hushonwa, watoto huahidiwa mashindano ya punda na ya majahazi, na mabibi huanza kukumbushana ni nani katika jamaa aliyebaki upande ule. Lakini neno la malazi huachwa mpaka wiki ya mwisho, kana kwamba litajipanga lenyewe. Sisi tuliowahi kuliacha hivyo tunajua kuwa halijipangi.

Makala haya hayaingii katika mazungumzo ya wanazuoni juu ya Maulidi. Hayo yana wenyewe na yana mahali pake. Tunasema na zile familia ambazo huenda kila mwaka, au zinazotaka kwenda kwa mara ya kwanza, na ambazo mfuko wao si mzito. Tunataka kuwaeleza namna ya kupata pa kulala kwa gharama ya kadiri. Tunataka pia kuwaeleza jambo moja tulilojifunza kwa aibu, nalo ndilo lililotufanya tushike kalamu.

Mji mdogo, wageni wengi

Maulidi ya Lamu hufungamana na jina la Habib Swaleh, sharifu wa ukoo wa Jamalil-Layl, aliyefika kisiwani akitokea Ngazija katika karne ya 19. Aliishi Langoni, upande wa kusini wa mji, miongoni mwa watu wanyonge, akawasomesha wao na watoto wao katika zama ambazo elimu haikuwa ikifika kwa kila mtu. Maulidi yake yalisomwa kwa matari, na watu wakayafuata. Huko ndiko ulikojengwa Msikiti wa Riyadha, na ndiko hadi leo wageni wanakokusanyika katika siku za mwisho za Rabiul Awwal. Hutoka pwani yote ya Kenya, hutoka Tanzania na Visiwa vya Ngazija. Usiku husomwa Maulidi na qasida mbele ya msikiti, mchana kuna mashindano na goma, na mwisho huwa ziara ya kaburi la Habib na zefe. Kwa mazoea kilele chake ni Alhamisi ya mwisho ya mwezi na usiku wa kuamkia Ijumaa.

Mji wenyewe hauongezeki kwa ajili ya wageni hao. Mji Mkongwe wa Lamu, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, ni nyumba za mawe zilizobanana, na baina yake vichochoro ambavyo punda wawili wenye mizigo wakikutana, mmoja sharti asubiri. Maji ya mji hutegemea visima vilivyo chini ya vilima vya mchanga vya Shela, nayo yana kikomo. Kwa siku nne au tano watu huwa wengi kuliko vitanda, na ndoo huwa nyingi kuliko maji.

Kuna jambo la pili ambalo wengi hatulifikirii. Mwezi wa Kiislamu hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka katika kalenda ya miladi. Mwaka 2019 wiki ya mwisho ya Mfungo Sita iliangukia Novemba. Mwaka 2025 iliangukia Septemba, na sasa inaelekea Agosti. Agosti ndiyo likizo ya watoto wetu, na ndiyo miezi ya joto huko Ulaya, wakati ambapo watalii huja Lamu na Shela kwa wingi. Basi Maulidi na msimu wa watalii vinazidi kukaribiana, na chumba kimoja kinatafutwa na watu wawili ambao mifuko yao haifanani. Mwenye kungoja wiki ya mwisho mwaka huu hatapata kile alichokipata kwa kungoja miaka kadhaa iliyopita.

Usiku tuliolala kwa mama wa Langoni

Mwaka mmoja tulisafiri wanawake sita, watoto wanne, na mjomba wetu aliyetusindikiza. Vyumba viwili tulikuwa tumevipata kwa simu, na arubuni tukatuma. Tulitoka Mombasa alfajiri, tukapita Malindi, Garsen na Witu, tukashuka Mokowe tukiwa na vumbi na usingizi, tukavuka kwa mashua. Tulifika gatini jua likikaribia kuchwa. Mlangoni pa nyumba tuliyoahidiwa tuliambiwa kwamba vyumba vimeshachukuliwa na watu waliotoa zaidi, na kwamba arubuni yetu tungerudishiwa kesho.

Tukarudi tukaketi barazani juu ya mizigo yetu. Adhana ya Magharibi ikasomwa. Mtoto mmoja alikuwa na homa, na mjomba alikwenda huku na huku akibisha milango ya gesti, kila mahali akipewa jibu lile lile. Mama mmoja aliyekuwa akipita na kikapu chake akasimama, akatutazama mmoja mmoja.

"Wanangu, mbona mumeketi ndiani na watoto?"

Tulipomweleza, hakuuliza sisi ni wa ukoo gani wala tutatoa nini. Alisema tu, "Inukani, twendeni nyumbani," akambeba yule mtoto mgonjwa yeye mwenyewe.

Tulilala kwake siku nne. Tulitandikiwa mikeka na magodoro katika ukumbi, mjomba akapewa nafasi kwenye daka pamoja na wageni wengine wa kiume. Asubuhi tulikuta mahamri na chai, mchana wali, usiku mkate na mchuzi. Tulikwenda kila mahali: tuliwaona punda wakishindana ufuoni, tulisikiliza qasida mpaka usiku mkubwa, tulitazama zefe tukiwa upande wa wanawake, na machozi yalitutoka. Tulihesabu safari ile kuwa neema. Malazi hayakutugharimu hata shilingi moja, na jambo hilo tulilisema kwa furaha.

Siku ya kuondoka tulikuwa tukimsimulia mwenyeji wetu jinsi zefe lilivyopendeza. Mmoja wetu akamuuliza yeye alikuwa amesimama upande gani. Akacheka. Hakutoka. Siku ile nyumbani mwake mlikuwa na wageni kumi na wanane, sisi na jamaa wengine waliofika kabla yetu, na huo ulikuwa mwaka wa tatu hajaliona zefe linalopita karibu na mlango wake. "Mimi nalisikia kutoka jikoni," alisema, na wala hakusema kwa kulalamika. Baadaye, tukiwa tunafunga mizigo, binti yake alitudokeza kwamba maji yalikuwa yakinunuliwa na kuletwa na punda mara mbili kwa siku, na kwamba unga na sukari vilichukuliwa kwa mkopo dukani.

Tuliona haya, tukachangishana tulichokuwa nacho. Mama alikataa, tukakiacha chini ya mkeka. Lakini njia nzima ya kurudi tulikuwa kimya, kwa kuwa tulijua kitanda chetu cha bure kilikuwa kimelipiwa. Mlipaji alikuwa mwanamke mmoja, na alikilipia kwa usingizi wake, kwa deni lake, na kwa Maulidi yake mwenyewe.

Watu wetu hukirimu, na Mola asituondolee sifa hiyo. Lakini ukarimu wa nyumba aghalabu hutajwa kwa jina la baba na hufanywa kwa mikono ya mama. Kwa hiyo, ndugu msomaji, unapotafuta malazi nafuu ya Maulidi, jiulize bei ni kiasi gani, kisha ujiulize ni nani atakayeilipa.

Namna ya kutafuta

Anza mapema. Mwezi wa Mfungo Tano ukiandama, uwe umeshajua mko wangapi na mtakaa siku ngapi. Ikiwa uwezo ni mdogo, si lazima kukaa wiki nzima. Kufika Jumanne na kuondoka Jumamosi kutakupa kiini cha shughuli zote, na kutakupunguzia siku mbili tatu za malazi.

Kisha amua upande wa mji. Langoni ni karibu na Riyadha. Mama mwenye watoto wadogo hatatembea mbali usiku, lakini ajue kwamba matari husikika hadi saa za usiku mwingi, na mtoto wa usingizi mwepesi atataabika. Mkomani, upande wa kaskazini, kuna utulivu zaidi na nyumba kubwa za mawe, nazo nyingi ni za ghorofa na ngazi zake ni za kusimama. Ukiwa na bibi mwenye magoti mabovu, omba chumba cha chini. Mitaa ya pembeni ya mji, kama Gadeni na Wiyoni, aghalabu huwa nafuu kuliko katikati, na mwendo wake kwa miguu si wa kutisha. Shela iko kiasi cha kilomita 3 na ni mahali pazuri, ila nyumba zake nyingi zimetengenezwa kwa mfuko wa mtalii. Mokowe, bara, kuna loji za bei ya chini, lakini kila kwenda na kurudi ni nauli ya mashua, na qasida za usiku zitakupita. Hesabu nauli zote kabla ya kusema kwamba ni rahisi.

Njia inayofaa familia zaidi ni kukodi nyumba nzima kwa pamoja. Tuchukulie mfano, na bei hizi ni za mfano tu: watu 12 wakilala wawili wawili katika gesti ya shilingi 2,500 kwa chumba, watalipa shilingi 15,000 kwa usiku, na chakula watanunua nje. Watu hao hao wakikodi nyumba ya vyumba vitatu kwa shilingi 9,000, kila mmoja atalipa 750, watalala kwa magodoro na mikeka, na jiko wanalo. Zaidi ya fedha, wanawake hupata faragha: hakuna mpangaji wa chumba cha jirani anayekutana nawe njia ya chooni. Wanaume wakapewa chumba cha nje au daka, wanawake na watoto wakakaa ndani.

Kabla ya kutoa arubuni, uliza haya kwa uwazi. Choo ni cha ndani au cha pamoja? Maji yanatoka bombani saa zote, au ni ya kujaza, na anayeyalipia ni nani? Vyandarua vipo? Mlango una komeo kwa ndani? Dari inatazamwa na majirani? Wenyeji wengi hupenda kulala darini kwa ajili ya upepo wa kusi, na ni raha kweli, lakini mwanamke apendaye sitara atake kujua kwanza nani anaiona dari hiyo.

Katika fedha, yaliyotupata sisi yawe funzo. Usitume fedha kwa mtu uliyemjua kwa sauti ya simu peke yake. Tafuta ndugu, rafiki au mwanafunzi wa zamani wa madrasa aliyeko Lamu aende aione nyumba kwa macho yake na azungumze na mwenye nyumba, si na dalali tu. Arubuni isizidi sehemu ndogo ya bei. Andikianeni ujumbe wenye tarehe, idadi ya watu na bei kamili, nao uhifadhiwe. Siku mbili kabla ya safari, piga simu uthibitishe. Na upange kufika mchana. Mwenye kufika Magharibi na watoto wachovu hana nguvu ya kukataa lolote, na wanaotaka kumzidishia bei wanalijua hilo. Kila mtu mzima awe na kitambulisho chake mkononi, kwa kuwa njiani kuna ukaguzi.

Kina mama wa vyama vya kuchangizana wana silaha ambayo hawaitumii. Chama cha watu kumi kinachoweka fedha kidogo kila mwezi tangu Shawwal kitakuwa na kodi ya nyumba mkononi Mfungo Sita ukiingia, na mwenye kulipa mapema ndiye mwenye sauti katika bei.

Ukipokewa nyumbani kwa watu

Si kila mtu atakodi. Wengi wetu tuna shangazi, mkwe au rafiki wa zamani kule, naye atachukia kusikia tumelala gesti. Mwaliko wa namna hiyo ni neema, na kuukataa ni kuvunja moyo. Ila tuupokee kwa adabu zake.

Kwanza, sema kweli juu ya idadi. Mkiwa wanane msiseme watano. Pili, msiende mikono mitupu. Mchele, unga, sukari, mafuta, majani ya chai na maziwa ya watoto hununuliwa Mombasa kwa bei ya chini zaidi kuliko kisiwani, ambako kila kitu huvushwa kwa mashua. Pakiti hizo zifike jikoni siku ya kwanza, kabla mwenyeji hajatuma mtu dukani. Tatu, maji yalipiwe na wageni. Mjomba au kijana mmoja apewe kazi hiyo: akutane na mwenye punda, alipe kimya kimya, mama mwenye nyumba asitajiwe hata hesabu. Nne, njooni na mikeka na mashuka yenu, kwani kufua mashuka ya watu kumi na wanane baada ya ninyi kuondoka ni kazi ya siku mbili.

Tano, na hili ndilo kubwa: pangeni zamu ya jiko. Wageni wanawake wakiwa sita, kila siku wawili wabaki wapike, na wanne watoke pamoja na mwenyeji. Usimuulize kama anataka kutoka, kwa sababu atasema hataki. Mwambie, "Mama, leo jiko ni letu, wewe vaa buibui."

Dini yetu imempa mgeni haki yake siku tatu, na imemkataza kukaa mpaka amtie mwenyeji wake katika dhiki. Wazee wetu nao hawakuficha: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe la mgeni wa Maulidi ni sufuria, ufagio na ndoo ya maji. Mwenye kulishika kwa hiari siku ya kwanza hatapewa siku ya tatu.

Neno kwa wenyeji

Tunawaomba pia ndugu zetu wa Lamu wenye nyumba za kukodisha. Kupata riziki katika msimu ni halali yenu, na mwaka mzima si Maulidi. Lakini bei iliyokubaliwa ni ahadi, na mtu aliyeaminiwa kwa arubuni hafai kuitoa nyumba kwa mwingine kwa sababu ya nyongeza. Familia inayowekwa barazani usiku na watoto husimulia habari hiyo miaka mingi. Nasi tumeisimulia bila kutaja jina la nyumba, kwa kuwa tunapenda mji ule kuliko tunavyoikumbuka nyumba ile.

Mwaka uliofuata

Mwaka uliofuata tulikodi nyumba, familia tatu pamoja, hatua chache kutoka kwa yule mama. Tulichanga tangu miezi sita nyuma. Siku ya pili tulikwenda kwake na kikapu cha vyakula na doti ya leso, na wawili wetu wakaingia jikoni moja kwa moja, kwa sababu wageni wake wengine walikuwa wameshafika kama kawaida. Alikataa kutoka. Tukamwambia kwamba sufuria zake tumeshazijua, na chumvi iliko tunajua. Binti yake akamletea buibui.

Zefe lilipopita alikuwa amesimama mbele yetu, mkono mmoja ameshika ukuta. Hakusema neno. Lilipokwisha alituuliza kama wali tumeufunika, kisha akacheka, na tukarudi nyumbani pamoja.

Ndugu wasomaji, panga safari yako mapema, hesabu fedha zako, na usiogope kupokea ukarimu wa watu. Lakini kabla hujalala, angalia nani bado yuko macho jikoni. Mwenyezi Mungu awajaalie wasafiri wetu wafike salama, na awajaze kheri wote wanaotufungulia milango.